Shujaa wako ana dakika kumi tu za mikono: jinsi ya kuiokoa sura ya barafu

"Naandika riwaya ya kijasusi kwa Kiswahili. Mhusika mkuu ni komando mstaafu kutoka Tanzania, ametumwa kwenye kituo cha utafiti cha Ncha ya Kusini mwezi Julai. Sura ya tisa ndiyo kilele: jua linawaka juu ya theluji, barafu inapasuka, anatumbukia baharini, anaogelea chini ya barafu robo saa nzima, anaibuka na kuwamaliza maadui wanne kwa bastola, kisha anakimbia kilomita kumi hadi kwenye ndege inayomsubiri. Rafiki yangu anayeishi Norway ameisoma, akasema hakuna hata sentensi moja inayowezekana. Sijawahi kuona theluji. Je, niifute sura nzima? Au niiache hivyo hivyo, maana msomaji wetu haijui baridi hiyo? Naogopa nikianza kuieleza baridi, kasi ya hadithi itakufa."

Ndugu mwandishi, usiifute. Rafiki yako amepatia kuhusu ukweli wa mambo, lakini hukumu yake ni kali kupita kiasi. Mifupa ya sura hiyo ni mizuri: kuanguka, kutoka, kupigana, kukimbilia usafiri. Kinachokosekana ni gharama. Umeitaja baridi mara nyingi, lakini haimnyang'anyi shujaa wako chochote. Taharuki huzaliwa na muda unaokwisha, na baridi kali huhesabu muda bila huruma. Ukiyajua makadirio yake, hutahitaji kurasa za maelezo. Sentensi moja yenye dakika ndani yake itatosha kumfanya msomaji akose pumzi.

Na msomaji atajali. Wako wasomaji wa Kiswahili Oslo, Toronto na Minneapolis wanaoanza siku kwa kukwangua barafu kwenye vioo vya gari. Hata yule wa Tanga au Kisangani ambaye hajawahi kuiona theluji anamtambua mara moja mhusika asiyechoka wala kuumia, na akishamtambua hamwogopei tena.

Tuanze na mahali, kwa sababu hapo ndipo makosa yako mengi yalipozaliwa. Kwenye Ncha ya Kusini yenyewe hakuna bahari ya kutumbukia. Kituo cha utafiti cha hapo, kiitwacho Amundsen-Scott, kimejengwa juu ya barafu yenye unene wa takriban mita 2,700, na pwani iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Jua nalo huzama karibu na tarehe 21 Machi na halionekani tena hadi karibu na tarehe 21 Septemba, kwa hiyo mwezi wa Julai ni usiku mtupu. Wastani wa joto wakati huo ni kama nyuzi −60 za Selsiasi. Mwezi Juni 1982 joto lilishuka hadi −82.8. Halafu kuna kimo: mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba na kavu. Mtu mwenye afya hupumua kwa shida akipanda ngazi siku zake za kwanza. Kilomita kumi za mbio hapo, kwenye baridi hiyo na bila kukizoea kimo, hazimshawishi msomaji hata kwa komando.

Una njia mbili. Ukiipenda sana Ncha ya Kusini, ondoa bahari na weka mpasuko wa barafu. Usiuweke mlangoni mwa kituo, maana barafu ya hapo ni tulivu. Uweke mahali barafu inapoteremka kwa kasi kupitia milimani kuelekea pwani. Mpasuko hufunikwa na daraja la theluji ambalo macho hayalioni na ambalo huanguka chini ya uzito wa mtu mmoja. Ndiyo maana wataalamu hutembea wakiwa wamefungwa kamba moja, watu watatu au zaidi. Shujaa anayetembea peke yake bila kamba ameshafanya kosa kabla adui hajatokea.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua kwa riwaya hii, ni kuhamia kaskazini, Svalbard, visiwa vilivyo chini ya Norway kwenye nyuzi 78 hivi za latitudo. Kule bahari ipo, na ndani ya ghuba fulani huganda wakati wa baridi. Silaha zipo kihalali: anayetoka nje ya makazi anatakiwa awe na chombo cha kumfukuzia dubu mweupe, na wengi hubeba bunduki pia. Warusi wana makazi yao ya uchimbaji makaa huko Barentsburg, kwa sababu mkataba wa 1920 unazipa nchi zilizotia saini haki za kiuchumi visiwani humo. Mtanzania wako hahitaji visa ya Svalbard yenyewe, ila atahitaji visa ya Schengen ya kuingia mara mbili ili apite Norway kwenda na kurudi. Ofisa wa uwanja wa ndege anayeligundua hilo tayari ni tukio zima. Halafu ipo hazina ya mbegu ya dunia, iliyofunguliwa 2008 ndani ya mlima karibu na mji wa Longyearbyen na kuhifadhiwa kwenye nyuzi −18. Mbegu kutoka Kenya zimo humo. Kwa mara ya kwanza komando wako ana sababu ya kweli ya kuwa pale.

Sasa maji, maana hapa ndipo penye utajiri mkubwa kuliko pote. Watu wengi hudhani anayetumbukia kwenye maji ya barafu hufa kwa mwili kupoa. Kabla mwili haujapoa, kuna mambo mawili yanayoua upesi zaidi.

Dakika ya kwanza ni ya mshtuko. Ngozi ikiguswa na maji ya bahari yenye nyuzi kama −1.8, mtu huvuta pumzi kubwa bila hiari yake, kisha huhema kwa kasi asiyoweza kuizuia. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa pumzi hiyo ya kwanza, anameza bahari na hadithi inaishia hapo. Uwezo wa kubana pumzi nao hushuka hadi sekunde chache. Kwa hiyo robo saa ya kuogelea chini ya barafu haipo, hata kwa mzamiaji hodari. Anayejua kanuni hafanyi lolote katika dakika hiyo isipokuwa kuweka mdomo juu ya maji na kusubiri pumzi itulie.

Dakika kumi zinazofuata ni za mikono. Damu inakimbilia kiwiliwili, misuli ya mikono inapoa, vidole vinapoteza nguvu, na mtu anayeogelea vizuri anazama kwa sababu viungo havimtii tena. Kila anachohitaji kufanya kwa vidole, kama kufungua zipu, kushika kamba au kuchomoa kisu, lazima kifanyike humo. Baada ya hapo anabaki na kiasi cha saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi, ikiwa kuna kitu kinachomzuia asizame. Wataalamu wa uokoaji huifundisha hesabu hiyo hivi: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Ni makadirio, na hubadilika kwa unene wa mwili, nguo na mawimbi, lakini kwa mwandishi huo ni muundo wa sura uliokwisha kupangwa.

Namna ya kutoka nayo ina hatua zake. Anageukia upande aliotoka, kwa kuwa barafu ile ndiyo iliyombeba. Ya mbele hajui unene wake. Anaweka mikono juu ya barafu, anapiga miguu kwa nguvu hadi mwili ulale sambamba na maji, anajivuta kwa tumbo, kisha anabiringika mbali na shimo. Akisimama tu, anaivunja tena. Watu wa Skandinavia wanaosafiri juu ya barafu huvaa shingoni vijiti viwili vyenye misumari ya kujivutia, kwa sababu barafu iliyolowa haishikiki kwa vidole. Mpe shujaa wako vijiti hivyo sura ya tatu, vitajwe kwa kupita tu. Au mnyime, na umpe adui. Asipoweza kutoka kabisa, kuna hatua ya mwisho inayofundishwa kweli: alaze mikono juu ya barafu bila kuitikisa, mikono ya koti igande na kushikamana nayo, ili akizimia asizame.

Ametoka. Joto la hewa ni −25, upepo unavuma. Nguo za juu zitaganda zikawa ngumu kama ubao. Abiringike kwenye theluji kavu, ambayo hufyonza sehemu ya maji, kisha ajikinge na upepo. Akiwa na hema au kibanda na nguo kavu, avue zote. Akiwa hana, asivue ovyo. Azikamue kadiri awezavyo, kisha ajifunike kitu kisichopitisha upepo wala unyevu, hata turubai la plastiki. Usimpe pombe. Inatanua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto huku joto la ndani likitoka.

Mwili ukishapoa, andika ishara zake kwa mpangilio sahihi. Kuanzia nyuzi 35 kushuka hadi 32 mtu anatetemeka vibaya, vidole havina kazi, maneno yanaanza kukwama. Kati ya 32 na 28 kutetemeka kunapungua na hatimaye kukoma. Msomaji asiyejua atadhani amepata nafuu, kumbe ndiyo hatari. Anakuwa mkaidi, anafanya maamuzi ya kijinga, wengine huvua nguo. Chini ya 28 moyo uko karibu kupoteza mdundo, na kumburuta au kumsugua kwa nguvu kunaweza kuusimamisha. Kwa hiyo anayeokolewa hulazwa, hubebwa kwa upole, na hapigwi makofi ya kumwamsha. Kuna watu wanaokufa dakika chache baada ya kutolewa majini, wakati waokoaji wanashangilia. Na kuna walionusurika baada ya kila mtu kukata tamaa: mwaka 1999, karibu na Narvik nchini Norway, daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80, joto la mwili likashuka hadi 13.7, na alifufuliwa hospitalini Tromsø kwa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Ukitaka kumrudisha mhusika aliyedhaniwa amekufa, sayansi inakuruhusu, ila lazima hospitali kubwa ifikike kwa helikopta.

Kuhusu upepo, hewa ya −40 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huipokea kama −61, na huganda ndani ya dakika mbili au pungufu. Lakini hesabu hiyo ni ya ngozi tu. Injini au pipa la mafuta haliwezi kupoa chini ya joto la hewa. Upepo hulifikisha huko haraka zaidi, basi. Waandishi wengi hukosea hapo. Kosa jingine ni mapafu kuganda kwa kukimbia. Hayagandi, kwa kuwa pua na koo huipasha hewa kabla haijafika. Kinachotokea ni njia za hewa kukauka na kubana, mtu anakohoa na kukosa pumzi. Adui mkubwa wa mkimbiaji kule ni jasho. Likilowesha nguo za ndani, akisimama tu dakika chache anaanza kuganda kuanzia ngozini. Mwenyeji wa baridi hufungua zipu kabla hajaanza kazi nzito na kuifunga mara anapotulia, na havai pamba mwilini kwa sababu ikilowa haihifadhi joto. Tabia hiyo ndogo itamtofautisha mzoefu na mgeni bila wewe kusema nani ni nani.

Kidole kikiganda, usimwonyeshe mtu anakisugua kwa theluji. Huo ni ushauri wa zamani unaochana nyama. Huyeyushwa kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, na pale tu ambapo hakitaganda tena. Hapa pana mtego mzuri kwa hadithi: mtu anaweza kulazimika kutembea kwa mguu ulioganda, lakini ukishayeyuka maumivu hayavumiliki, na ukiganda mara ya pili hasara ni kubwa kuliko ya kwanza. Shujaa aliyefika kwenye kibanda chenye moto, akijua bado ana safari, itabidi aamue kutoupasha mguu wake.

Bastola. Ndiyo, silaha hufyatuka kwenye baridi. Baruti haihitaji joto la hewa, ingawa kasi ya risasi hupungua kidogo. Kinacholeta balaa ni mafuta na unyevu. Grisi ya kawaida huwa nzito, pini ya kugonga risasi inakwenda polepole, na kinachosikika ni mgongano dhaifu bila mlio. Kwa hiyo wanajeshi wa baridi husafisha grisi yote na kupaka mafuta mepesi sana au kuacha vyuma vikavu. Bastola iliyozama baharini kisha ikatolewa kwenye −25 itaganda ndani. Huwezi kuiacha iue watu wanne. Na kifyatulio hakifikiki kwa glavu nene, wakati mkono mtupu kwenye chuma cha −40 huacha ngozi. Kikosi cha Sirius cha Denmark, kinacholinda kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sleji (vyombo vya kuteleza juu ya theluji) zinazovutwa na mbwa, kwa miongo mingi kilibeba bunduki za M1917, za enzi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, za kukoki kwa mkono. Kitu chenye sehemu chache kina machache ya kuganda.

Nikupe mbinu ya kuitumia: silaha iliyotoka nje ikiingizwa kwenye chumba chenye joto hutoka jasho, maana unyevu wa chumba hutulia juu ya chuma baridi. Ikitolewa tena nje, unyevu huo unakuwa barafu ndani ya mitambo. Ndiyo maana bunduki huachwa kwenye baraza isiyo na moto. Maadui wako wanne wakae kibandani na silaha zao zikiwa zimeegemezwa karibu na jiko. Shujaa asiye na silaha, mwenye mikono ya dakika chache, anawalazimisha watoke. Pambano limeshaamuliwa, na msomaji makini alipewa taarifa mapema.

Ndege haiwezi kusubiri imezimwa. Mafuta ya kawaida ya ndege, Jet A-1, huanza kuganda kwenye −47. Mafuta mengine yanakuwa mazito. Injini hufunikwa blanketi na kupulizwa hewa ya moto kwa muda mrefu kabla ya kuwashwa. Ski za ndege, yaani mbao za kutelezea zilizo mahali pa magurudumu, zikisimama zinaganda na kushikamana na theluji, na kwenye baridi ya −50 kushuka theluji haitelezi, ni kama mchanga. Ukibaki Ncha ya Kusini, jua kwamba kituo hakipokei ndege za kawaida tangu katikati ya Februari hadi Oktoba hivi. Mwaka 1999 daktari wa kituo, Jerri Nielsen, alipogundua uvimbe kwenye titi lake, dawa zilidondoshwa kwa ndege mwezi Julai, lakini yeye mwenyewe alisubiri hadi Oktoba kuondolewa. Aprili 2001 na Juni 2016 wagonjwa walichukuliwa na ndege ndogo za Twin Otter kupitia Rothera, kituo cha Uingereza kwenye Rasi ya Antaktika, safari ya takriban kilomita 2,400 kwenda tu, gizani. Kumpata rubani wa kukubali safari hiyo kunaweza kuwa riwaya yako yote.

Mafuta pia ni silaha. Petroli iliyokaa nje kwenye −40 bado ni majimaji. Ikimwagika mkononi huigandisha ngozi mara moja. Na jiko ndani ya hema lililofukiwa na theluji hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwaka 1934 Admirali Richard Byrd, akiwa peke yake Antaktika, alikaribia kufa kwa moshi wa namna hiyo wa jiko na jenereta.

Kuhusu kambi ya siri chini ya barafu ya mhalifu wako, usiogope kwamba ni uzushi. Jeshi la Marekani lilijenga Camp Century chini ya barafu ya Greenland kuanzia 1959, ikiwa na mtambo wa nyuklia, na nyuma yake kulikuwa na mpango wa kuficha makombora. Ilishindikana kwa sababu barafu hutembea: kuta zilikuwa zikibana na dari zikishuka, hadi kambi ikaachwa mwaka 1967. Kambi ya mhalifu wako nayo inapaswa kuwa inafunga polepole, na watu wake wakikata kuta kila wiki. Jambo jingine: mwishoni mwa Mei 1962 Wamarekani wawili walirushwa kwa miavuli kwenye kituo cha Kisovieti kilichoachwa juu ya barafu inayoelea ya Aktiki, wakakipekua kwa siku chache, kisha wakanyakuliwa kutoka ardhini na ndege iliyokuwa ikiruka, kwa kamba iliyoinuliwa na puto. Ukweli umekuachia nafasi pana.

Ukiandika Antaktika, ondoa dubu, ambao ni wa kaskazini tu, na ondoa mbwa wa sleji kama hadithi ni ya baada ya Aprili 1994, maana walipigwa marufuku. Mkataba wa 1959 unakataza shughuli za kijeshi huko, ingawa wanajeshi wanaweza kusaidia utafiti. Komando wako awe na kazi ya kumficha: fundi wa jenereta, mpishi, fundi mabomba.

Kwa kasi, fuata mikono yake. Usieleze mandhari wakati wa tukio. Eleza alichoweza kufanya kwa vidole dakika ya pili, ya sita, ya tisa. Zipu inayofunguka kirahisi, kisha kwa meno, kisha haifunguki. Sentensi zako zitafupika zenyewe.

Kuna mambo ambayo kusoma hakutoshi. Kama uko Mwanza au Dar es Salaam, omba ruhusa kiwanda cha samaki uingie kwenye chumba cha kugandishia chenye −18, sawa na ile hazina ya mbegu. Ingia na mfanyakazi wao, ukiwa na koti lao, kwa dakika kumi tu. Vua glavu moja kwa dakika moja, jaribu kubadilisha betri za tochi, andika jina lako. Usiguse chuma kwa mkono mtupu, usiingie peke yako, na kama una pumu au tatizo la moyo, uliza daktari kwanza. Maji ya barafu usiyajaribu kabisa. Kwa uchovu wa kimo, zungumza na waongozaji wa Kilimanjaro wanaolala kambi za juu; wanajua buti iliyoganda asubuhi inavyovaliwa. Na kurasa za mwili kupoa na kufufuliwa mpelekee daktari wa dharura akiwa na kalamu nyekundu, pamoja na maswali matatu kwa maandishi: joto la mwili ni ngapi katika kila aya, anaweza kusema nini akiwa katika joto hilo, na nani anapaswa kumgusa, vipi.